Bi Nasriya binti Marhoon, Aliyepiga Hodi Kwenye Mageti ya Kondoo

Assalaam alaykum, mama zetu na dada zetu mliokaa nasi siku hizi tatu hapa nyumbani kwetu Wadi Kabir, Maskati. Wengi wenu mmekuja kutuhani bila ya kumjua marehemu, kwa sababu alikuwa hajatimiza miezi mitatu katika nchi hii, na tumewasikia mkiulizana kwa adabu, nani huyu, katokea wapi, na vipi mwanamke wa makamo yale buti zake za ngozi zimewekwa mlangoni kama za askari. Kusoma historia ya maiti si ada yetu, hilo tunalijua, lakini mwenyewe aliiona ikisomwa kwenye mazishi ya jirani huko Australia, akaipenda, akamwambia Aliya, mkaza mwanawe, "Siku yangu nami nisomee, andika kwa Kiswahili, na chumvi usizidishe, mie chumvi nimekatazwa na daktari." Wasia ni deni, kwa hiyo tunaisoma.

Marehemu Bi Nasriya binti Marhoon bin Suud alizaliwa Malindi, mjini Unguja, mwezi wa Shaaban mwaka 1328, ambao kwa hesabu ya Kizungu ni Agosti 1910, na tarehe hiyo baba yake aliiandika kwa mkono wake nyuma ya msahafu. Baba huyo alikuwa mpimaji wa karafuu, lakini mzaliwa wa Yiti, kijiji cha pwani kusini mashariki ya Maskati, na alitoka Yiti angali kijana, kwa miguu, akavuka majabali siku tatu peku peku mpaka akafika Maskati, na kutoka hapo akapanda chombo cha Unguja, wala hakuiona Yiti tena. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa akimkalisha binti yake na kumsimulia njia ile, jabali kwa jabali, kisima kwa kisima, mpaka mtoto akaijua kama njia ya kwendea chuoni, na alipokuwa katika maradhi yake ya mwisho, mwaka 1938, alimshika mkono akamwambia, "Mie sikurudi. Ukijaaliwa wewe, usiingie Yiti kwa chombo kama mgeni, ingia kwa miguu, kama mtu anayerudi kwao." Bi Nasriya aliitikia, naye wakati huo hakuwa amepata kutembea kwa miguu mbali kuliko kutoka Malindi hadi Mkunazini.

Elimu yake aliipata chuoni, akahitimu Kurani akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na skuli hakwenda kwa sababu wakati ule skuli ya wasichana ilikuwa bado haijafunguliwa, ila kushona, kupika na kusoma barua za watu wazima waliokuwa hawaoni vizuri alikujua, na barua hizo alizisoma bila ya kutoa siri ya mtu hata moja. Aliolewa tarehe 6 Juni 1929 na marehemu Sleyum bin Harub, fundi cherehani, mtu mpole, wakajaaliwa watoto watatu, wawili Mwenyezi Mungu aliwachukua wangali wachanga, akabaki Thabit, aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1936, na mumewe akafariki mwaka 1961.

Thabit alisomea mambo ya udongo na maji ya visima, na mwezi wa Agosti 1963, miezi sita baada ya kumuoa Aliya, alipata nafasi ya kwenda kusoma Australia, akawaacha mama na mke katika nyumba ya Malindi. Yaliyotokea Unguja mwezi wa Januari 1964 kila mmoja wetu ana lake, na hapa patasemwa moja tu, kwamba mlango wa Bi Nasriya ulivunjwa mchana, na watu wakaingia bila ya hodi. Yeye na mkaza mwanawe walitoka salama kwa sababu jirani mmoja, muuza mkaa, aliwafunika kwa magunia yake ukumbini na kuwaambia watu kwamba nyumba ile wenyewe wamekwisha kuondoka, na jina lake hatulitaji kwa kuwa yungali huko, lakini dua tunamwombea kila siku.

Tarehe 20 Juni 1964 walifika Mombasa, wakapata chumba kimoja, na humo Bi Nasriya akakaa miezi tisa bila ya kuvuka kizingiti. Alikuwa akifika mlangoni, anaweka mkono kwenye kitasa, anarudi kitandani na kusema, "Kesho, mwanangu." Kisha hugeuka ukutani na kuanza kuitaja njia ya baba yake, jabali kwa jabali, kwa sauti ndogo, kama anayesoma uradi, na Aliya akisikia huona uchungu, kwa sababu ahadi ilikuwa ya kutembea siku tatu, na mwenye ahadi hawezi kutembea hatua tatu.

Thabit alipomaliza masomo alipewa kazi ya kupima visima katika nchi ya kondoo na ngano, mwendo wa siku nzima kwa gari kaskazini ya Adelaide, akawaombea ruhusa mama yake na mkewe, kibali cha mwaka mmoja mmoja, nao wakasafiri kwa meli kupitia Bombay na Colombo, wakashuka Fremantle tarehe 11 Aprili 1965, wakamalizia kwa treni mpaka mji mdogo unaoitwa Warrabee, wenye mtaa mmoja, posta moja na vumbi la watu wote. Bi Nasriya aliingia ndani ya nyumba ya mbao waliyopewa, akafunga pazia, akakaa humo tena miezi sita.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Jumapili, tarehe 17 Oktoba 1965, na aliyeibadilisha ni nyoka. Aliingia jikoni asubuhi, wa rangi ya udongo, akajificha nyuma ya jiko, na jirani akaonya kwamba nyoka wale hawana mzaha, watu watoke mpaka mkamataji afike jioni. Thabit siku hiyo alikuwa na kisima cha kupima, akamfunika mama yake kanga mbili, akamtia ndani ya Landrova akiwa amefumba macho, Aliya akakaa pembeni yake, wakaondoka. Baada ya saa moja njia ikakatwa na geti la chuma, na uzio wa waya ukienda kulia na kushoto usione mwisho wake. Huko shamba moja ni kubwa kuliko mkoa, njia za watu hupita katikati, na sharti lake ni moja tu, ukifungua geti ulifunge, kondoo wasitoke. Thabit akashuka kufungua kama alivyozoea, na hapo Bi Nasriya akafumbua macho.

"Thabit! Unaingia kwa watu bila ya hodi?"

"Mama, hapa hapana mtu. Nyumba iko maili kumi na nane ndani."

"Basi piga hodi kwa nguvu. Wewe ni mwanangu, hutovuka mlango wa mtu namna ile. Namna ile nimeiona."

Thabit akasimama mbele ya geti, mtu mzima na shahada yake, akapiga hodi mara tatu kwa uwanda mtupu, na aliyejibu ni kunguru. Sheria ya hodi tunaijua, ukipiga mara tatu usijibiwe unarudi ulikotoka, lakini walikotoka yuko nyoka, basi Bi Nasriya akahukumu kwamba watasubiri mpaka mwenyewe atokee. Wakasubiri. Jua likapanda, ndani ya gari kukawa kama tanuri, na ikafika dakika ambayo bibi huyu alipima mambo mawili, hofu na joto, akafungua mlango mwenyewe, akashuka, akaenda kukaa juu ya mkeka chini ya mkaratusi. Aliya anaikumbuka dakika ile kuliko siku yake ya harusi. Alimmiminia chai tu, akaogopa hata kumtazama asije akakumbuka kwamba yuko nje.

Walikaa pale saa tatu, na Bi Nasriya kila siku alikuwa akisema kwamba saa tatu zile Mwenyezi Mungu alimtandazia neema yake. Majani ya mwaka huo yalikuwa yameota kwa mvua, maua ya rangi ya zambarau yameenea mpaka miguuni mwa milima, kasuku wa waridi walishuka kwa mamia kunywa maji kwenye hodhi la kondoo, na kangaruu mmoja jike akaja karibu, mtoto kichwa nje ya mfuko, akasimama kuwatazama. Bi Nasriya akamtazama naye, kisha akasema, "Huyu mwenzangu, anatembea na nyumba yake, nani atamvunjia mlango?" akacheka, na kicheko kile mkaza mwanawe hakuwa amekisikia tangu Malindi.

Mwenye shamba alipotokea alikuwa mwanamke, Bi Elsie Hartnell, ndani ya lori na mbwa wake, akirudi kutoka kanisani. Thabit alimweleza kwa aibu, na angeliweza kucheka, wengi wangelicheka, lakini yeye alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama bibi aliyekaa mkekani na kanga zake, akauliza jawabu la hodi linasemwaje, akalirudia kimyakimya mara mbili tatu. Kisha akapitisha lori, akafunga geti nyuma yake, akashuka, akavua kofia, akasimama upande wa ndani na mikono juu ya chuma, akasubiri. Bi Nasriya akainuka, akatengeneza kanga, akaenda mpaka mbele ya geti.

"Hodi."

"Karibu," akasema Bi Elsie, akafungua geti lote, na Bi Nasriya binti Marhoon akavuka kwa miguu yake.

Tangu siku hiyo hakukamatika. Kila Thabit akienda kupima kisima mama yake yumo garini, na kikapu chake, na iliki yake, na kila geti lazima lipigiwe hodi, hata wachunga kondoo wa upande ule wakajifunza, ukasikia mtu kapanda farasi mbali anaitikia "Karibuuu!" kwa lafudhi ya ajabu. Hawakukosekana waliowageuzia uso dukani, na yuko aliyesema kwa sauti kwamba watu wa rangi ile nchi hiyo si yao, lakini Bi Nasriya alikuwa akisema, "Huyo hajanijibu hodi, basi, tunakwenda mlango mwengine," na milango mingine ilikuwepo. Bi Elsie alimpa buti za marehemu mama mkwe wake, hizi hizi mnazoziona, akamfundisha kuchemsha chai ndani ya kopo juu ya kuni za mkaratusi, na kuoka mkate ndani ya majivu, mkate ambao Bi Nasriya aliutia iliki na tui la kopo, mpaka wakulima wakawa wanauomba. Walitembea pamoja mabonde ya milima ya Flinders, yaliyo makavu na miti imesimama katikati ya mchanga ambamo mto ulipita, na mara ya kwanza kuyaona Bi Nasriya alisimama, akashika moyo, akasema, "Haya ni mawadi aliyonisimulia baba. Mwenyezi Mungu kanileta huku nije nijifunze njia."

Wajukuu wake wawili walizaliwa huko, Mahbuba tarehe 3 Mei 1966, na Sleyum tarehe 19 Februari 1969, na wote wawili walianza kutambaa juu ya mchanga wa mabonde, bibi akiwatazama. Mwezi wa Juni 1968 Bwana Walter, mumewe Bi Elsie, alifariki, na kwenye mazishi yake ndipo Bi Nasriya aliposikia maisha ya mtu yakisomwa mbele ya watu, Thabit akimtafsiria sikioni, na aliporudi nyumbani alimpikia mfiwa siku saba, akipeleka mwenyewe, akipiga hodi mwenyewe.

Maradhi yake yalijulikana tarehe 4 Agosti 1969, daktari wa Warrabee alipomwambia kwamba moyo wake umechoka na umetanuka, apunguze chumvi, vilima aviache, na akitembea apumzike mara kwa mara. Bi Nasriya akarudi na jibu lake tayari, kwamba mtu anayepiga hodi lazima asubiri kujibiwa, na kusubiri ni kupumzika, kwa hiyo alianza kuipigia hodi milima. Akifika chini ya kilima anasimama, anasema hodi, anakaa juu ya jiwe, anakunywa maji, na pumzi ikirudi anasema, "Haya, kimetukaribisha," ndipo anapanda. Watu wakidhani ni mchezo wa mtu mzima, kumbe alikuwa akijitayarisha.

Mwaka huu, mwezi wa Julai, Omani ilipofungua milango na watu wake waliokuwa nje wakaitwa warudi, Thabit aliandika kuomba kazi, kwa maana nchi hii nayo ina haja ya watu wa visima, na tarehe 9 Oktoba 1970 tulishuka Mutrah, bandari iliyo jirani na Maskati. Bi Nasriya alikaa siku moja tu, ya pili akauliza njia ya Yiti. Thabit akasema keshazungumza na mwenye mashua, watafika asubuhi hiyo hiyo.

"Mashua mpande nyinyi. Baba katoka kwa miguu, mie nitaingia kwa miguu."

"Mama, moyo wako!"

"Moyo wangu ndio unaokwenda, miguu inausindikiza tu."

Siku kumi mama na mwana walibishana, na majirani wa hapa, tunawakumbusha kwa mapenzi, walikuwa wakisema, bibi huyu na mabuti yake kama askari, wapi na wapi, naye akiwajibu, "Askari hulipwa kutembea, mie natembea kwa raha zangu." Mwisho Aliya, ambaye si mtu wa kumpinga mumewe, alimwambia Thabit kwamba mama huyu akifia njiani atakuwa amefia kwao, lakini akifia kitandani atakuwa amefia mlangoni, mkono kwenye kitasa, kama Mombasa. Thabit akaenda kutafuta punda.

Waliondoka Jumanne, tarehe 20 Oktoba 1970, mwezi wa Shaaban, mwezi aliozaliwa, yeye na Thabit na mwenye punda, Mzee Harub, na punda alibeba maji na tende, kupandwa hakupandwa. Mzee Harub siku ya kwanza alikasirika, kwa sababu chini ya kila jabali bibi anasimama, anapiga hodi, anakaa, siku ya pili akawa anakaa naye, na siku ya tatu yeye ndiye aliyekuwa akimjibu kwa niaba ya jabali. Visima vyote alivyovitaja baba yake vilikuwepo, kimoja kimekauka, na mbele ya kile kilichokauka alimsomea baba yake Fatiha. Katika mwinuko wa mwisho midomo yake iligeuka rangi, Thabit akataka kumbeba, naye akamwonesha kidole, akakaa juu ya jiwe muda wa kusoma Yasin, kisha akainuka.

Alhamisi, tarehe 22 Oktoba, baada ya alasiri, aliingia Yiti kwa miguu yake, buti nyeupe kwa vumbi. Akaelekezwa nyumba ya binti ami yake, Bi Masouda, ambaye hawajawahi kuonana, akasimama mbele ya mlango wa barasti, yaani makuti ya mtende, akapiga hodi, kwa maana na huku nako watu hupiga hodi kwa namna ile ile ya kwetu.

"Nani?" sauti ikauliza kwa Kiarabu.

"Binti Marhoon."

Sauti ikauliza tena, pole pole, "Marhoon aliyeondoka kwa miguu?"

"Huyo huyo. Karudi kwa miguu."

Mlango ukafunguliwa kabla ya neno karibu kumalizika kutamkwa, na Thabit, ambaye hakulia Unguja ilipotupotea, alikwenda kulia nyuma ya punda.

Bi Nasriya alifunga Ramadhani huko kwa zile siku alizoziweza, akala Idi na jamaa wa baba yake, akaoka mkate wa majivuni ufukweni, na Bi Masouda akausifu ingawa aliutema kidogo pembeni. Baada ya Idi miguu ilimvimba na pumzi ikawa fupi, akaletwa Mutrah kwa mashua, akikubali safari hii, akisema kutoka kwa chombo hakuna ubaya, ahadi ilikuwa ya kuingia. Alilazwa hospitali tarehe 8 Desemba 1970, na Jumatatu, tarehe 14 Desemba, baada ya sala ya asubuhi, alifariki dunia, mkono wake mmoja kwa Thabit na mmoja kwa Aliya, akazikwa siku hiyo hiyo. Ameacha mtoto mmoja, mkaza mwana mmoja, wajukuu wawili, na njia ya siku tatu ambayo wajukuu wamekwisha kuisoma kwa moyo.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa Mutrah, hasa yule muuguzi aliyekuwa akigonga mlango wa chumba na kusubiri kila anapoingia, bila ya kuambiwa na mtu. Tunawashukuru jirani zetu Mabaluchi wa nyumba ya pili waliotuletea maji kabla hatujaomba, wafanyakazi wenzake Thabit waliochimba kaburi kwenye mwamba kwa zamu, Mzee Harub aliyekuja na punda wake akakaa nje siku zote tatu, na Bi Masouda, ambaye alitoka Yiti aliposikia mgonjwa kalazwa, juzi ametufikia, na hakuja kwa mashua. Bi Elsie tulimpelekea habari kwa simu ya maandishi, na jana imekuja jawabu yake, kwamba siku aliyopata habari aliliacha geti lake wazi kutwa nzima, yeye na mbwa wakawalinda kondoo, na wanaoijua nchi ile wanajua kwamba mfugaji hafanyi hivyo kwa mtu yeyote.

Bi Nasriya, ulivunjiwa mlango, na hukumvunjia mtu. Sasa umesimama mbele ya mlango wa mwisho na adabu zako zote, umeshapiga hodi, na sisi tuliobaki huku tunamwomba Mwenye Nyumba akujibu kwa jawabu unalolijua. Keti, mama, vua buti. Umefika. Pumzika kwa amani.